Merle na Nguzo ya Sifuri

Tairi jipya huwa na vinyweleo. Ni nyuzi fupi za mpira, nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, zinazobaki juu ya tairi linapotolewa katika kalibu yake kiwandani. Ukiendesha baiskeli kwenye changarawe kwa siku moja au mbili, vinyweleo vya katikati huisha, na vya pembeni hubaki kwa muda mrefu zaidi. Jambo hilo nilifundishwa mwaka wa kwanza wa chuo cha ufundi. Tangu hapo limenisaidia kujua mteja amefika wapi kabla hajaniambia, na mara nyingine kujua kwamba hakufika.

Kwa njia hiyo nilijua habari za Merle Gaudion zaidi ya mwaka mmoja kabla ya wakazi wengine wa mji wetu wa Pendry kuambiwa, nami sikumwambia mtu.

Karakana yangu ni kontena lililokatwa dirisha, pembezoni mwa Bustani ya Lindner, hatua sitini kutoka kwenye nguzo ya sifuri. Nguzo yenyewe ni kipande cha reli kilichosimamishwa wima, kikapakwa rangi nyeupe na kuandikwa 0. Hapo ndipo njia ya baiskeli inapoanzia. Huambatana na mto Ovens chini ya mikaratusi kwa kitambo kidogo, hupita chini ya barabara kuu, kisha hupanda taratibu juu ya tuta la reli iliyong'olewa, kilomita tisini na nane hadi Harrow's Gap, milimani. Anayetaka kwenda huko huanza kwa kuegemeza baiskeli yake kwenye nguzo na kujipiga picha. Baada ya hapo humtafuta Merle.

Merle alikuwa na umri wa miaka sabini na moja. Kwa miaka thelathini na minne alifanya kazi katika kiwanda cha nguo za sufu, kabla hakijafungwa, katika chumba cha warekebishaji. Kitambaa kilitandazwa mbele ya dirisha lenye mwanga, naye alikipapasa kwa ncha za vidole akitafuta uzi uliokatika au fundo lililojificha, na alipolipata alilirekebisha kwa sindano mpaka mnunuzi asiweze kuonyesha palipokuwa na kasoro. Kiwanda kilipofungwa alijiunga na Marafiki wa Njia, chama cha watu wa kujitolea, akapewa kizibao cha rangi ya chungwa, ufunguo wa vyoo na daftari.

Daftari hilo lina jalada la kijani na limefungwa kwa kamba ndani ya kisanduku. Wanaorudi kutoka milimani huandika humo yaliyowapata: pancha katika kilomita ya arobaini na moja, nyoka katika ya nane, ubao uliolegea juu ya daraja. Kila Jumatatu Merle alilichukua nyumbani, akanakili kila habari kwenye kadi, kadi moja kwa kila kilomita. Kadi tisini na nane zilikaa ndani ya kopo la biskuti, na baada ya mwaka mmoja hakuhitaji tena kulifungua.

"Daraja la mbao, kilomita ya kumi na tisa," angesema. "Ukifika shuka. Ubao wa tatu umelegea, na usiseme sikukwambia. Arobaini na moja pana miiba upande wa kivulini, kwa hiyo kaa juani hata kama kichwa kinakuuma. Skonzi za kule Bremner ununue kabla ya saa nne, zikipita saa nne unakula matofali."

Watu walimsikiliza kama wanaomsikiliza rubani. Walipokuwa wakirudi walipita tena kumwambia kwamba kila kitu kilikuwa kama alivyosema. Wala haikumpitia mtu akilini kumwuliza kama yeye mwenyewe amewahi kupita. Walimwuliza njia ikoje, naye alijua njia ikoje.

Mwaka njia ilipofunguliwa mume wake, Ron, alikuwa mgonjwa, na mwaka uliofuata alifariki. Halafu ukaja mwaka wa mafuriko, halafu mwaka wa moto milimani, halafu goti lake la kulia likaanza kuvimba. Kila alipopanga safari alikuja kwangu na baiskeli yake ya kijivu ili niikague. Tairi zilikuwa mpya. Mimi ndiye niliyezifunga. Mara nne katika miezi kumi na minane niliikagua baiskeli ile, na mara zote nne ilirudi na vinyweleo vyake vyote, mnyororo ukiwa bado na mafuta niliyoupaka mwenyewe.

Jumatatu moja ya mwezi wa Oktoba, Tristan Oakes, kijana wa idara ya utalii ya halmashauri, alikuja bustanini na karatasi ndefu iliyokunjwa. Aliitandaza juu ya meza yangu ya kazi kwa kuwa ilikuwa pana kuliko za bustani. Ulikuwa mchoro wa bango jipya la chuma litakalosimama karibu na nguzo ya sifuri, lenye ramani, ushauri wa Merle neno kwa neno, na picha yake akicheka ndani ya kizibao. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, paliandikwa: MERLE AMEIPITA NJIA HII. SASA NI ZAMU YAKO.

"Litazinduliwa Jumamosi," Tristan alisema. "Saa nne asubuhi. Diwani atakuwepo, soseji zitakuwepo. Unasemaje, Merle?"

Merle aliyapitishia macho maneno yale kwa muda mrefu. Kidole chake kilisogea juu ya karatasi, polepole, kama kinachotafuta fundo.

"Nani ameandika hili la juu?"

"Mimi. Zuri, siyo?"

"Ni fupi," Merle alisema.

Tristan alipoondoka, Merle alibaki. Alikishika kipini cha spana, akakirudisha mahali pake.

"Tamsin, nikagulie baiskeli. Keshokutwa naondoka."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho. Siku tatu. Nalala Tolley, nalala Bremner, Ijumaa jioni mpwa wangu ananichukua kwa gari kule juu. Nimeshaweka nafasi kote." Aliinamisha kichwa. "Umeelewa kwa nini."

"Nimeelewa."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu ukaguzi wa pili. Tairi."

"Na hukusema kitu."

"Hukuniuliza."

Aliitikia kwa kichwa, na nadhani aliridhika. "Mimi sikumdanganya mtu, binti," alisema. "Kuna siku niliacha tu kumsahihisha mtu mmoja. Nikaja nikaacha wa pili. Lakini kuandikwa kwenye chuma ni jambo lingine."

Jumatano alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa nimeijaza upepo baiskeli, nimefunga mikoba miwili, na nimemwekea vibanio vya plastiki juu ya kofia ngumu, vikasimama kama miiba ya nungunungu, kwa sababu ndege wa magpai walikuwa wameatamia, majira ambayo huwashambulia wapita njia kichwani, na mmoja wao, juu ya mkaratusi wa pili kutoka kwangu, alikuwa amekwisha kumpasua sikio mpeleka barua. Merle hakuvaa kizibao. Alikuwa na sweta ya bluu. Tulihesabu pamoja: akienda mwendo wa kilomita nne kwa saa, akipumzisha goti, ni lazima aondoke kabla ya saa nne ili afike Tolley kabla ya giza. Alikuwa na saa tatu na nusu za akiba. Niliziona nyingi mno.

Alipofika kwenye nguzo, mume na mke kutoka Adelaide walikuwa wakifunga baiskeli yao ya watu wawili.

"Samahani," mwanamume alisema, "wewe siyo Merle?"

"Leo hapana," alisema Merle.

Mwanamke alicheka. "Dada yangu alituambia una utani. Hebu tuambie hilo daraja la kumi na tisa. Baiskeli yetu ina urefu wa mita mbili na nusu."

Aliwaambia. Kutoka darajani walihamia kwenye miiba, na kutoka kwenye miiba wakahamia kwenye skonzi. Nilikuwa nikirekebisha breki, na kila nilipoinua macho niliuona mkono wa Merle ukichora kona za njia hewani. Dakika arobaini zilipita. Nilijiambia nitoke nikawaambie kwamba ana safari. Mimi si mwepesi wa kuingilia mazungumzo ya watu, na wakati nilipokuwa nimepata maneno ya kufaa, Clive Rademaker alikuwa amekwisha kufika.

Clive ni mwenyekiti wa Marafiki wa Njia. Aliwahi kuwa meneja wa benki, na bado hutembea kana kwamba mtu amemfungulia mlango.

"Kamanda," alimwita Merle. "Choo cha wanawake kimefurika. Ufunguo wa chumba cha bomba uko wapi?"

"Uko kwangu nyumbani, Clive, kwenye kulabu. Nenda kauchukue."

"Nyumbani kwako kuna mbwa."

"Mbwa ana miaka kumi na sita. Hana meno."

"Ananitazama vibaya."

"Kila mtu anakutazama vibaya, Clive, na bado unaingia majumbani kwao."

Alikwenda mwenyewe. Aliporudi na ufunguo ilikuwa saa mbili na nusu, na hapakuwa na mtu mwingine aliyejua ni vali ipi ya kufunga. Alitoka chooni amelowa mpaka kwenye viwiko. Ilipofika saa tatu na dakika ishirini alikuwa ameketi juu ya kiti cha baiskeli, mguu mmoja ukiwa kwenye pedali, na mimi nilisimama kando nikiwa nimeshika mkoba mmoja uliokuwa umelegea. Hapo ndipo basi lilipoingia.

Walishuka watu ishirini na wawili, wote walimu wastaafu, wote wamevaa fulana za njano. Aliyewaongoza aliitwa Yvonne Sartori, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni.

"Merle Gaudion," alisema, akisoma kwenye simu. "Saa tatu na nusu, maelezo ya njia, saa moja. Tumewahi dakika kumi, samahani."

"Maelezo gani?" Merle aliuliza.

"Tuliyoandikiwa na halmashauri. Bwana Oakes."

Merle alinitazama. Nilimpigia Tristan simu. Alijibu kwa furaha kwamba, ndiyo, aliwaandikia wiki tatu zilizopita, je, Merle hakuambiwa? Alidhani Clive amemwambia. Clive, aliyekuwa akipanga soseji juu ya jiko la bustani kwa ajili ya wageni, alisema alidhani Tristan amemwambia.

"Clive," nilisema, na sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka, "Merle anasafiri leo. Wewe huwezi kuwapa hayo maelezo?"

"Mimi? Mimi njia siijui, binti. Mgongo unanisumbua. Anayeijua ni Merle." Aligeuza soseji. "Atasafiri baadaye. Njia haihami."

Merle alishuka. Aliiegemeza baiskeli kwenye nguzo ya sifuri, na nikaona jinsi alivyoiegemeza, bila kuitupa, akiliweka gurudumu la mbele sambamba na ukingo wa saruji kama mtu anayejizuia kwa nguvu zake zote. Walimu walikaa kwenye nyasi. Akaanza kilomita ya kwanza.

Walimu wastaafu huuliza maswali. Waliuliza na kuandika, na wakaulizana wao kwa wao kama jibu la kwanza limejibu swali. Saa nne ilipita, nikaiona ikipita. Saa tano magpai alimshukia mwalimu mmoja aliyesimama kwenda kujinyoosha, damu ikamtoka utosini, na sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa ndani ya chumba cha bomba, na ufunguo ulikuwa kwa Merle. Saa tano na nusu walifikia kilomita ya ishirini na saba, stesheni ya zamani ya Tolley, ambako limebaki banda la kusubiria lenye bati jekundu.

"Hapo ndipo tutakapokula chakula cha mchana kesho," alisema Yvonne. "Sasa nisaidie. Banda liko upande wa kushoto wa njia au wa kulia?"

Merle aliitazama baiskeli yake pale nguzoni.

"Nauliza kwa sababu ya gari letu la chakula," Yvonne aliendelea. "Kuna kijito hapo, na barabara zipo mbili, moja kila upande. Kwenye simu ni nukta tu juu ya mstari. Dereva akikosea, walimu ishirini na wawili watakula kwa macho."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kontena, nikifuta mikono. Nilijua kadi ya ishirini na saba ilivyosema, kwa kuwa alinisomea siku moja: banda la bati jekundu, benchi mbili, maji ya mvua ya tangi usiyanywe. Haikusema upande. Katika miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kuuandika, maana anayefika huliona banda mbele yake, na mtu haandiki alichokiona kila mtu.

Angeweza kubahatisha. Nusu ya nafasi ilikuwa yake. Niliona midomo yake ikifunguka, na vidole vya mkono wake wa kulia vikisuguana, kidole gumba juu ya cha shahada.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kufika."

Kisha Clive akaangua kicheko.

"Msimsikilize," aliwaambia walimu, akipunga koleo. "Huyu ameichakaza njia hii. Yuko hivyohivyo, atakuchekesha mpaka ulie."

Walimu nao wakacheka.

"Sifanyi utani," Merle alisema. "Sijapita hata chini ya barabara kuu kwa baiskeli. Ninayowaambia yote nimeyasoma kwenye daftari."

"Merle, mwaka ule wa mwanzo ulinisimulia jinsi jua linavyotoka juu ya daraja la kumi na tisa," Clive alisema. "Nilikaribia kulia."

"Nilikusimulia jinsi lilivyoandikwa."

Walicheka zaidi, na mwalimu mmoja akapiga makofi. Yvonne alitabasamu, akaandika kitu, akasema watampigia simu mwenye hoteli ya Tolley ili wawe na hakika. Kisha akauliza kuhusu kilomita ya ishirini na nane.

Walipoondoka ilikuwa saa nane na robo. Merle alikuja kukaa juu ya sanduku langu la vifaa. Nilimpa chai. Hakuigusa.

"Miaka thelathini na minne," alisema, "nikimwonyesha msimamizi kasoro anakuja na miwani yake, anainama, anaitazama. Katika miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kunicheka."

"Unaweza kwenda kesho," nilisema.

"Kesho ipi? Hoteli ya Bremner imejaa Ijumaa. Mpwa wangu anakuja Ijumaa, hana siku nyingine. Jumamosi ni kile chuma." Aliinuka, goti likamlazimu kushika meza. "Nakwenda sasa."

"Hutafika Tolley."

"Sijasema nitafika. Nimesema nakwenda."

Aliuvua ufunguo wa vyoo shingoni na kuutundika kwenye msumari wangu, kati ya spana ya kumi na tatu na ya kumi na nne. Niliitazama baiskeli ya kijivu ikipita nguzo ya sifuri, ikapita jiko, ikapita mkaratusi wa magpai ambaye alimrukia Merle mara mbili naye hakuinua hata mkono, ikaingia chini ya barabara kuu. Clive alimpungia, akidhani anakwenda nyumbani. Saa kumi mvua ikaanza.

Saa kumi na moja na nusu alinipigia simu. Nilizunguka kwa gari kwa barabara ya mashamba mpaka kwenye lango lililo karibu na kilomita ya kumi na nne, na nikamkuta ndani ya kibanda cha wasafiri, ameunyoosha mguu juu ya mkoba. Goti lilikuwa kubwa kama kichwa cha kabichi.

"Usiniambie pole," alisema.

"Sijasema."

"Umevaa uso wa kusema."

Nilikaa. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Alitoa mfukoni kadi moja iliyolowa na kuniwekea juu ya paja. Ilikuwa ya kilomita ya kumi na moja. Kwa mwandiko wake wa wino wa bluu ilisema: kilima kidogo, mandhari mazuri.

"Kilima kidogo," alisema. "Unajua waliandika akina nani? Vijana wenye mapaja ya farasi. Mimi nimesukuma, Tamsin. Nimesukuma nusu saa. Nilisimama mara sita, na mara ya nne nilitapika. Na miaka kumi na moja nimewaambia wanawake wa umri wangu ni kilima kidogo. Wanarudi wananiambia kila kitu kilikuwa kama nilivyosema, kwa sababu wanaona haya." Aliichukua kadi, akaikunja mara mbili. "Kila uzi nilinakili sawasawa. Kitambaa chenyewe sikukipapasa."

Niliipakia baiskeli. Kabla ya kuifunga nilitazama tairi kwa mazoea. Vinyweleo vya katikati vilikuwa vimeanza kulala.

Alhamisi alikwenda ofisini kwa Tristan, akitembelea fimbo. Alinieleza baadaye, neno kwa neno, kama alivyozoea. Alimwambia ukweli. Tristan alikwenda kufunga mlango, akarudi.

"Merle, herufi zimeshakatwa. Kwa leza. Bango limeshasimama, limefunikwa."

"Lifunueni mlikate upya."

"Bajeti imekwisha. Na halafu, kusema kweli, nani atajua?"

"Mimi. Na Tamsin."

"Basi watu wawili," Tristan alisema. "Siyo vibaya."

Ijumaa jioni Merle alisimama mlangoni kwangu akitazama rafu ninayoweka rangi za kuzibia mikwaruzo ya fremu.

"Ile nyeusi inashika kwenye chuma?"

"Ikipakwa vizuri. Lakini lile bango ni mali ya halmashauri."

"Jina ni langu."

Nililifikiria jambo hilo usiku, na sikuliona kosa lake. Jumamosi, saa mbili asubuhi, niliingia chini ya kitambaa cha bluu kilichofunika bango nikiwa na msasa mwembamba, spiriti, brashi namba mbili na kipande cha mkanda wa kuongozea mstari. Baada ya neno HII palikuwa na nafasi ya shubiri mbili mpaka mwisho wa mstari. Niliisugua, nikaipangusa, nikaiacha ikauke, kisha nikaandika kwa herufi zenye kimo kilekile: HADI KM 14. Merle alisimama nje akishika kitambaa kisiniguse. Tulisikia Clive akipita.

"Nani yumo humo?"

"Fundi," alisema Merle. "Kuna kasoro."

Saa nne diwani alivuta kitambaa. Watu walisoma. Nikamwona Merle akijinyoosha, uso wake umetulia, akisubiri watu wainame na kutazama. Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, na bustani nzima ikafuata.

"Niliwaambia!" alisema Clive. "Mtani huyu."

Merle alipewa kipaza sauti. Alisema kwamba maneno yaliyoongezwa ni ya kweli, kwamba hajavuka kilomita ya kumi na nne maishani mwake, na kwamba kilima cha kumi na moja si kidogo. Walimpigia makofi. Diwani alimkumbatia. Tristan peke yake hakucheka; alikuwa akiikwangua ile rangi kwa ukucha akitazama kama inatoka.

Ilitoka. Jumatatu aliifuta kwa dawa. Jumanne niliiandika tena. Tuliendelea hivyo kwa wiki tatu, bila mmoja wetu kumwambia mwenzake neno, mpaka akaacha. Hakukubali, nadhani alichoka tu.

Goti lilipasuliwa wakati wa baridi. Daktari alimruhusu kupanda baiskeli majira yaliyofuata, na sasa huenda Alhamisi, siku ambayo Clive analazimika kuvaa kizibao na kushika ufunguo. Mpwa wake humshusha mahali alipoishia. Anaporudi huja kwangu kabla ya kwenda nyumbani na kunitajia namba, nami huchukua spiriti na brashi. Mara nne amerudi na namba ileile aliyoondoka nayo, kwa mvua, kwa pancha, kwa goti, na mara moja kwa sababu alikaa saa mbili kumweleza mtu namna ya kusukuma baiskeli kilimani. Siku hizo huketi juu ya sanduku la vifaa, nami huendelea na kazi yangu.

Kati ya kadi ishirini na tatu za mwanzo, amebakiza kumi na mbili ambazo hajaziandika upya kwa aliyoyaona mwenyewe. Bango linasema HADI KM 23. Watu bado huliona kama utani, wanajipiga nalo picha, kisha wanakwenda kumwuliza habari za Harrow's Gap. Huwaambia yaliyo kwenye daftari, na huwaambia kwamba ni ya kwenye daftari. Wengi huitikia kwa kichwa bila kusikia.

Juzi Yvonne Sartori alipita tena na kundi jingine. Alimshika Merle mkono kwa uchangamfu.

"Lile banda la Tolley," alisema, "unakumbuka? Kumbe liko upande wa—"

"Usiniambie," alisema Merle. "Zimenibaki kilomita nne."

Yvonne alisubiri kicheko. Merle aliinama, akakagua upepo wa tairi la mbele la baiskeli yake kwa kidole gumba, akaniuliza kama ninaliona limepungua.